Kinanda Hakivumi

Ijumaa, kati ya magharibi na isha. Mawingu yamekaa juu ya Kibiti tangu asubuhi na hayajatoa hata tone. Joto limenishika shingo, mgongo haunyooki. Nimechoka.

Naandika nikiwa kwenye kibanda changu cha kazi nyuma ya nyumba, kwa sababu ndani ya nyumba sina pa kukaa. Kesho binti yangu Saumu anaolewa. Sebuleni wapo wageni wa Mbwara, chumbani kwangu wameingia shangazi zake waliotoka Ikwiriri, na kwenye korido masufuria ya kukodi yamepangwa mpaka usawa wa dirisha. Wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi mwenyeji bado sijapona. Tangu wageni waanze kuingia nalala hapa hapa kibandani, kando ya televisheni ambazo wenyewe walizileta wakasema wanarudi kesho.

Lakini sikufungua ukurasa huu ili nilalamikie wageni. Nataka kuandika habari ya kinanda, kabla kelele za kesho hazijanisahaulisha yaliyonipata leo.

Kinanda chenyewe ni cha mama mkwe wangu, Bi Somoe, mama yake Zuhura, mke wangu. Si hivi vya plastiki vya siku hizi ambavyo mtoto anavibeba kwapani. Ni kinanda cha umeme cha zamani, cha Kijapani, kizito, chenye mbao ubavuni na vizungusho vingi juu, na ukitaka kukihamisha lazima muwe wawili na mmoja wenu awe ameshiba. Marehemu mume wake alikinunua Dar kwa bendi ya hoteli iliyokuwa imevunjika, akakileta huku juu ya lori la mbao, akaanzisha kikundi cha taarabu. Mzee alishatangulia mbele ya haki. Kikundi kimebaki: Shomari anapiga kinanda, jamaa zake wanapiga ngoma, Bi Somoe anaimba.

Hakuna bibi harusi wa mtaa wetu anayetoka kwao bila Bi Somoe kumwimbia wimbo wa kumuaga. Wimbo ni ule ule, yeye hubadilisha jina tu. Siku niliyomchukua Zuhura nilisimama nje na kanzu ya kuazima, nikamsikia mama mtu anamuaga mwanawe, na aliyetokwa machozi nilikuwa mimi, si bibi harusi. Mpaka leo shemeji zangu hunitania kwa hilo.

Kesho ni zamu ya Saumu, mjukuu wake. Mwenyewe Bi Somoe amesema akishamuaga huyu hataimba tena, sauti imechoka. Kwa hiyo nyumba nzima inangoja wimbo huo kuliko inavyongoja pilau.

Sasa lazima niseme jambo moja, maana bila hilo mengine hayaeleweki.

Kwetu mtu na mama mkwe wake huoneana haya. Tukikutana njiani mimi huchepuka, yeye huvuta khanga mpaka usoni, tunaamkiana kila mmoja akitazama chini. Sijawahi kula naye sinia moja. Maneno yetu hupita kwa Zuhura: mama humwambia Zuhura, Zuhura huniambia mimi, na jibu langu hurudi kwa njia ile ile, hata kama tumetenganishwa na pazia tu na kila mtu ameshamsikia mwenzake. Watu wa mjini wakiona hucheka. Mimi naipenda desturi hii. Naamini ndoa yangu imedumu kwa sababu mimi na mama mkwe hatujawahi kupata nafasi ya kugombana.

Basi mapema wiki hii Zuhura alitoka kwa mama yake akaja kusimama mlangoni hapa, mkono kiunoni. "Mama anasema kinanda kinavuma, hakiko sawasawa," akasema. "Ukitazame kabla ya harusi."

Ningeuliza nini tena? Kinanda kile kinavuma tangu nikijue. Ukikiwasha tu, kabla hujagusa kitu, spika inaanza: mmmmm, nzito, ina mkwaruzo kwa juu, na haiishi mpaka ukizime. Wanasema ngoma ivumayo haidumu, lakini hiki kimevuma umri wote wa ndoa yangu. Nimekaa kwenye harusi za watu nikila wali wao huku nausikiliza mvumo ule chini ya wimbo, na vidole vinaniwasha. Sikuwahi kuombwa, na kwa mkwe huendi kujiombea kazi.

Kwa hiyo ujumbe ulipofika nilifurahi. Siku hizi kazi yangu ni kubadilisha vioo vya simu na kufufua betri za sola. Simu zenyewe zimebanwa kwa gundi kana kwamba aliyezitengeneza hakutaka mtu mwingine azione matumbo yake. Kuletewa kitu chenye skrubu, chenye nafasi ya kupitisha kidole, chenye harufu ya vumbi la zamani, kulinikumbusha kwa nini nilijifunza ufundi.

Nilikifungua siku ile ile. Ndani nilikuta punje za mchele, mende wakavu na pete moja ya mtoto, vitu vya harusi nyingi. Nilikwenda moja kwa moja kwenye sehemu inayopokea umeme. Kwa asiyejua: umeme wa ukutani hupanda na kushuka muda wote. Transfoma huupunguza, dayodi huuelekeza upande mmoja, kisha kapasita huutuliza ili uwe laini. Kapasita zikizeeka hukauka ndani, umeme unapita na mawimbi yake, na spika inayatamka mawimbi hayo. Huo ndio mvumo. Kapasita mbili kubwa zilikuwa zimevimba vichwani, moja imetoa maji ya kahawia, na kwenye mguu wake risasi ya kulehemu imepasuka, kwa hiyo ulikuwa unagusa na kuachia. Nilishangaa kwamba kinanda kilikuwa bado kinawaka.

Kazi haikuwa ngumu ila macho yangu yamekuwa mabovu. Maandishi ya kwenye kapasita siyaoni, nayapiga picha kwa simu halafu nayakuza. Mkono nao ukishika pasi ya kulehemu muda mrefu unaanza kutetemeka, inabidi niushikilie kwa mkono mwingine. Kapasita mpya niliagiza Dar, zikaja na basi. Nilibadilisha, nikasafisha, nikakaza transfoma isitikisike, nikafunga, nikakiwasha.

Kimya.

Niliinamisha sikio kwenye spika. Hakuna kitu. Nilisikia kuku wa jirani, nikasikia mtu anatwanga mtaa wa pili. Nilibonyeza ufunguo mmoja na sauti ikatoka safi. Nilikaa pale nikitabasamu peke yangu.

Nikimaliza kazi huwa natia tone la rangi ya kucha juu ya skrubu ya mwisho. Ni kawaida yangu: kitu kikirudi na rangi imepasuka, najua kuna mtu amekifungua baada yangu. Safari hii nilitumia rangi nyekundu ya Saumu. Alinigombeza kwa utani, kwamba baba anampunja rangi yake hata kabla hajaondoka nyumbani.

Hayo yalikuwa kabla ya leo.

Leo asubuhi kikundi kilikuja kufanya mazoezi uani, chini ya turubai. Mimi nilisimama kwa mbali, karibu na kibanda, nikijifanya napanga waya. Kusema kweli nilikuwa nangoja sifa. Bi Somoe alitoka ndani kwa hatua za taratibu, amejifunga khanga ya kijani, akaenda kusimama mahali anaposimama siku zote: kando ya spika, mkono wa kulia juu yake. Miaka yote nimeuona mkono ule na nikadhani anajishikiza kwa sababu ya magoti.

Akasimama. Shomari akamtazama, ngoma zikangoja. Akaendelea kusimama. Wanawake waliokuwa wakichambua mchele wakadhani anasoma dua, wakainamisha vichwa.

"Washeni basi," akasema.

Shomari akamwambia, "Kimewaka, Bi mkubwa," akapiga kidogo ili ajue.

Akaanza. Nilijua tangu neno la kwanza kwamba mambo si mambo. Alianzia juu mno. Shomari ni mpigaji mzuri, akamfuata juu huko huko, na alipomfikia tu yeye alikuwa ameshateremka. Shomari naye akateremka. Walikwenda hivyo, mmoja anamtafuta mwenzake, na ngoma katikati hazijui ziwafuate nani. Bi Somoe alikanyaga jina la Saumu, akarudia, likamponyoka tena. Mbele ya wanawake wote wale, wengine wakwe wapya wa upande wa bwana harusi waliokuja kuleta vitu, akafunga mdomo. Akautazama mkono wake juu ya spika. Kisha akajifunika khanga, akaingia ndani.

Hakuna aliyecheka. Ingekuwa nafuu wangecheka.

Zuhura alinijia hapa, safari hii mikono imening'inia. "Mama anauliza umemfanyia nini," akasema. Nikamwambia nimetengeneza kinanda. Akaenda, akarudi. "Anasema kesho mpige wimbo wa kwenye flashi kama watu wengine. Yeye hasimami tena mbele za watu."

Kutoka chumba cha ndani sauti ya Saumu ikatufikia, maana alikuwa anasikiliza. "Bibi asiponiimbia mimi sitoki humu," akasema. "Mtafute mwingine wa kuolewa." Shangazi zake wakamwambia anyamaze, mwali hapayuki hivyo. Nilijua kwa sauti yake kwamba hatanii.

Niliona uchungu. Nilikuwa nimefanya kazi nzuri kuliko zote nilizofanya kwa miaka mingi, na kazi hiyo ndiyo iliyomwaibisha mama wa watu. Nilitamani kulia, na sikulia kwa kuwa wapishi walikuwa wananitazama.

Shomari ndiye aliyenieleza. Alikuja kukaa kwenye ndoo yangu, akavua kofia. "Fundi, ule mvumo umeupeleka wapi?" akauliza.

Nikamwambia nimeuondoa, ulikuwa ugonjwa.

"Ugonjwa kwako," akasema. "Sisi ndio tulikuwa tunashikia hapo. Bi mkubwa anaweka mkono, anaungoja umwingie, halafu anaanza. Marehemu ndiye aliyemfundisha: ukipotea sauti, sikiliza kinanda kinavyovuma, rudi hapo. Na sasa masikio yake yamepungua, siku hizi anausikia kwa mkono zaidi. Kwani hukujua?"

Sikujua. Nilikuwa nausikia kila harusi na sikujua. Na papo hapo likanifungukia jambo lililokuwa likinisumbua siku zote: kwa nini harusi za vijijini, zile za kupiga kwa jenereta, Bi Somoe huimba juu kuliko anavyoimba hapa Kibiti, na jenereta ikiishiwa mafuta wimbo mzima hulegea. Nilidhani ni uchangamfu wa watu wa kule. Kumbe jenereta ikienda kasi mvumo unapanda, naye anapanda nao. Ikichoka, anashuka. Alikuwa sahihi siku zote. Ni umeme uliokuwa ukibadilika.

Nikamwita Zuhura. Nikamwomba anikumbushe, siku ile mama yake alisemaje, neno kwa neno, asinipe maana yake, anipe maneno.

Akafikiri, anafinya midomo. "Alisema, mwambie mkwe kinanda hakivumi sawasawa."

Hakivumi.

"Si ndicho nilichokwambia?" akaniuliza.

Nilimwacha. Si kosa lake. Kwa mama mtu kuvuma ni sifa: ngoma nzuri huvuma, jina la mtu huvuma. Alikuwa analalamika kwamba mvumo wake unakatika, kwa sababu ya ule mguu wa kapasita uliopasuka risasi, unagusa na kuachia. Alitaka urudi uwe kama zamani. Neno likapita kwa mke wa fundi, ambaye amenisikia tangu tuoane nikiusema mvumo kama maradhi, likageuka njiani. Nami ningeweza kuvuka ua nikamuuliza mwenyewe. Ningeweza, kama angekuwa mteja. Lakini ni mkwe.

Nilikwenda msikitini na mawazo hayo. Khutba yote sikumbuki hata neno, Mungu anisamehe. Niliporudi umeme ulikuwa umekatika, na hiyo ilinipa muda wa kukaa na kopo la maziwa ambamo nilitupia zile kapasita za zamani. Nilizimwaga mezani nikazitazama. Njia rahisi ilikuwa kuzirudisha. Nilizishika kabisa. Lakini kamba hukatikia pabovu, na zile zingepasuka kesho katikati ya wimbo, moshi unatoka, na bibi mzee amesimama pembeni. Siwezi kumrudishia mtu hatari nikaiita heshima. Nikazirudisha koponi.

Ndipo nikawaza jambo ambalo ningemwona mtu mwingine analifanya ningemwita mwendawazimu. Sehemu ya umeme ibaki nzima kama nilivyoitengeneza. Ila nichukue waya mwembamba, nichote mvumo kidogo kutoka kwenye umeme ambao haujatulia, niupitishe kwenye volyumu ndogo ya redio mbovu, niumwage kwenye njia ya spika. Mvumo wa kutengeneza, wenye kizungusho chake nyuma ya kinanda. Ukitaka unaongeza, hutaki unapunguza mpaka usiwepo.

Umeme uliporudi nikaanza. Jasho likaniingia machoni, miwani ikateleza. Nilichota mvumo pale karibu, kwenye waya zinazotoka kwenye transfoma, tukakibeba kinanda mimi na Shomari mpaka mlangoni mwa chumba alichofikia Bi Somoe. Yeye ndani, mimi nje, pazia katikati, Zuhura amesimama kwenye kizingiti akiwa nusu huku nusu kule. Spika tukaiingiza chini ya pazia ili aiguse. Nikawasha. Mmmmm.

Kisha nikamsikia, kwa masikio yangu mwenyewe, akisema, "Huyu ni mume. Mke yuko wapi?"

Zuhura akanigeukia, akasema kwa adabu yake yote, "Mama anasema huyu ni mume. Mke yuko wapi?"

Shomari alicheka mpaka akashika ukuta. Mimi sikucheka, nilikuwa nimeshaelewa. Sauti ilikuwa ile ile lakini imeshuka, nene, ya kiume. Umeme ukiwa bado haujafika kwenye dayodi unapanda na kushuka kwa mwendo wake wa kawaida. Dayodi zikishaukunja, kila mshuko unageuzwa kuwa mpando, kwa hiyo nyuma ya dayodi mvumo unakwenda kasi maradufu. Huko ndiko kapasita mbovu zilikokuwa zikiutoa. Nimesoma hayo, nimewafundisha watu hayo, na leo nikayasahau, akanikumbusha mtu anayeyajua kwa kiganja cha mkono.

Nikakirudisha kibandani, nikahamisha waya. Nyuma ya dayodi, hata kapasita zikiwa mpya, hubaki mtikisiko mdogo kabla umeme haujasafishwa wote. Nikauchota huo. Nikajiunguza kidole cha shahada, kimeota lengelenge, ndicho kinachonisumbua sasa hivi ninavyoandika. Tukakibeba tena. Mgongo ukanikumbusha umri wangu.

Nikawasha, nikazungusha volyumu taratibu. Mvumo ukatoka chini ya sakafu ya ukimya, ukapanda, wenye mkwaruzo wake ule ule. Nikazungusha mpaka nilipoukumbuka, ule wa harusi zote, ule wa siku yangu mwenyewe. Sikudhani kwamba nilikuwa naukumbuka hivyo.

Zuhura alichungulia, akanifanyia ishara ya kiganja: ameweka mkono.

Kisha Bi Somoe akaimba. Hakupaza sauti, aliimba kama mtu anayemwimbia mtoto wa mgongoni. Akaanza pale pale, sawasawa, juu ya mvumo, akaenda, na alipofika kwenye jina la Saumu akalitaja bila kulikanyaga. Sauti ina mikwaruzo, pumzi fupi, lakini ilikuwa mahali pake. Waliokuwa wakichambua mchele wakaacha. Chumba cha pili Saumu akaanza kulia, na shangazi zake wakamwambia usilie leo, utavimba macho kesho. Mimi nilibaki nimechuchumaa nyuma ya kinanda na bisibisi mkononi, na mashemeji zangu wakitaka kunitania tena wana haki.

Alipomaliza nikataka kufunga kazi. Volyumu ilikuwa mahali pake hasa, na Shomari ana vidole vya kuchokonoa. Nikamwambia Zuhura aniletee ile rangi nyekundu ya Saumu, niigandishe pale pale isizunguke tena.

Akaileta. Kabla sijaifungua, Bi Somoe akauliza kutoka ndani, rangi ya nini. Zuhura akamweleza: anataka kuigandisha, mama, mvumo ubaki hapo hapo siku zote.

Nikasikia khanga inajikunja.

"Mwambie mkwe asiigandishe," akasema. "Kesho nimuage mjukuu wangu. Baada ya hapo mimi nakwenda zangu, atakuja mwingine kuimba. Huyo nimfunge kwenye sauti yangu kwa nini? Siku hiyo aupunguze mpaka uishe. Mwambie nimemshukuru."

Nilimtazama Zuhura, nikamngoja aniambie. Hajawahi kuacha ujumbe hata mmoja tangu tuoane. Alikuwa ameshika pazia kwa mikono miwili, uso ameugeuzia ukutani, mabega yanacheza. Hakuniambia kitu. Nami sikujua nimjibu nani, basi nikafanya nisilowahi kufanya. Nilisema mwenyewe, macho chini, kuelekea kwenye pazia: "Nimesikia, mama."

"Haya, mwanangu," akasema.

Basi. Nikatoka nikaja kukaa hapa.

Nje wanapasua kuni za kesho na mawingu bado hayajaamua. Nimechoka, kidole kinauma, na nyumbani kwangu sina kitanda. Kesho watakapomtoa Saumu nitasimama nyuma, karibu na soketi, ambapo baba ambaye ni fundi anaweza kusimama bila kuulizwa kwa nini haendi mbele. Nitausikiliza mvumo wangu. Najua kuna siku mtu ataniita niuzime, na ninajiuliza kama mkono utakubali.

Chupa ya rangi nimeirudisha kwa Saumu bila kuifungua. Volyumu inazunguka.